Viti Vilivyopeana Mgongo

Shangazi Aguti alipojitokeza upande wa kituo cha mafuta, kitenge chake cha safari kiunoni na mwavuli mkononi ingawa mbingu ilikuwa kavu, Alupo alinyakua chupa zake mbili za chai akapinda nyuma ya trela la saruji. Alikaa huko mpaka miguu ikafa ganzi. Dereva wa trela, Mganda mnene aliyekuwa kwenye foleni tangu juzi, akachungulia dirishani.

"Nyabo, kwani umeua mtu?"

"Heri ningeua," Alupo alinong'ona. "Huyo mama wa mwavuli ameenda wapi?"

"Anauliza watu. Anakuja huku."

Alupo akazungukia upande wa pili wa trela, na Aguti akapita akiita, "Mama Winny! Mama Winny wee!" kama mtu aliyepoteza mbuzi. Hakumwona. Baada ya muda akaondoka zake kuelekea stendi, akipiga mwavuli chini kwa hasira.

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Mara ya kwanza alimkuta nyumbani, na kabla hajaketi sawasawa Alupo akakumbuka ameacha chapati motoni, ingawa siku hiyo jikoni hapakuwa na unga wala moto. Mara ya pili ilikuwa nje ya kanisa. Aguti alisafisha koo tu, na Alupo, ambaye sauti yake ya kuimba haijawahi kuombwa na mtu, akaanzisha wimbo.

Usidhani walikuwa wamekosana. Aguti ni dada wa marehemu mume wa Alupo, na tangu yule bwana azikwe, wawili hao wamesaidiana kuliko ndugu wa tumbo moja. Shida ilikuwa neno alilolibeba Aguti mdomoni. Alupo alilijua neno hilo. Malaba nzima ililijua. Alichokuwa anakikimbia ni kuambiwa.

Na ili uelewe kwa nini mwanamke mwenye akili zake timamu atajificha nyuma ya saruji, inabidi nikuanzie kwenye kahawa.

Alupo ana miaka kumi na minne akiuza chai na kahawa kwenye foleni ya malori pale mpakani Malaba. Shule aliiacha darasa la tatu, akalee wadogo zake. Kiswahili chake ni cha barabarani, Kiteso chake ni cha nyumbani, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Tena ulimi wa Kiteso hauna shughuli na herufi "f". Ukikutana nayo huigeuza "p" na kuendelea na safari yake. Siku moja dereva mgeni, mtu mrefu wa Sudan Kusini, akamjia na karatasi zake mkononi akiuliza wapi atapata "copy". Alupo akammiminia kikombe. Kwake yeye kahawa ni kopi, na kopi ndiyo hiyo. Yule bwana akanywa kwa adabu, akainua karatasi, akauliza tena. Akapewa kikombe cha pili. Alipomaliza cha tatu alishukuru sana, akaenda kumwuliza polisi huku tumbo linacheza.

Kufikia jioni foleni yote ilikuwa na habari. Kwa mwezi mzima madereva walimwita Mama Copy. Alicheka nao, maana mfanyabiashara akinuna atamwuzia nani? Lakini nyumbani hakucheka. Alikaa akatazama ukuta wa sebule, ambako vyeti vya binti yake Winny vimetundikwa kwa mpangilio, kuanzia shule ya chekechea hadi chuo, na pembeni yake kadi ya ubatizo ya marehemu mumewe ndani ya fremu. Nyumba aliijenga yeye. Fremu alizinunua yeye. Jina lake halikuwemo hata mahali pamoja, na jambo hilo lilimuuma.

Jumanne iliyofuata alikwenda kujiandikisha ngumbaru.

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi. Mwalimu alikuwa kijana wa Khunyangu, Quinton Okwara, mwembamba, mpole, anayefunga tai hata siku ambayo mbuzi wanatafuta kivuli. Alianza kwa kuita majina. "Florence Alupo," akasema. Alupo akageuka kumtafuta huyo Florence. Alikuwa Mama Winny, alikuwa Mama Chai, majuzi alikuwa Mama Copy. Florence alimwacha kwenye beseni la ubatizo na hawakuonana tena. Mwalimu akarudia, pole pole, kama mtu anayesoma jina la mgeni wa heshima.

"Present, teacher!" Alupo akaitika kwa sauti iliyofukuza njiwa kwenye dari.

Mwalimu Okwara alikuwa na njia yake. Alisema Kiingereza kimejaa mapacha wanaofanana sauti lakini kila mmoja ana nyumba yake, na ukimpeleka huyu kwa mama wa yule, kuna vita. Kila siku alileta mapacha wachache. "Quiet" ni kimya, "quite" ni kabisa. "Lose" ni kupoteza, "loose" ni kulegea. "Advice" ni shauri lenyewe, "advise" ni kumpa mtu. Kulikuwa na mzee mmoja darasani, Mzee Okedi, aliyelinda stesheni ya reli mpaka akastaafu, na kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba kila duka lililoandikwa "stationery" ni mali ya reli. Alipoambiwa ni duka la kalamu na madaftari, alikataa kwa wiki mbili.

Alupo naye alifundishwa kwa kipande cha karatasi. "Kishike mbele ya mdomo, mama," mwalimu alisema. "Sema 'copy'. Umeona imeruka? Sasa uma mdomo wa chini kidogo, pumua, 'coffee'. Hairuki, inatetemeka tu." Alupo alifanya mazoezi kwenye foleni, anauma mdomo na kupuliza, mpaka madereva wakaulizana mama wa chai amekasirishwa na nani. Mwalimu hakumcheka hata siku moja. Akikosea alimwambia, "Karibu ufike." Alupo alimpenda kwa hilo, na hakuona haya kusema anampenda. Miezi saba ikapita. Akaanza kusoma matangazo ya getini mwenyewe. Akawa anawaeleza madereva wapi pa kupiga mhuri, na wapi pa kutoa kopi.

Mtihani ulipangiwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mkaguzi angetoka Busia na karatasi za maswali. Mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, wameketi wakitazamana, mkaguzi anasikiliza. Ukipita, cheti. Alupo alikuwa amekwisha kununua fremu.

Basi ilikuwa Septemba, Winny aliporudi kutoka kwa duka la dawa anakofanya kazi, na kwenye bega la sweta yake nyeusi kulikuwa na vumbi jeupe. Alupo alidhani ni unga wa vidonge. Akalipangusa. Vidonge havina vumbi la namna ile, lilikuwa chaki. Wiki hiyo hiyo akamsikia Winny akimrekebisha jirani kwenye simu: "Si 'loose', ni 'lose', hao ni mapacha." Alupo aliketi kwenye kigoda chake, akaunganisha bega na chaki, chaki na mapacha, na hesabu ikakaa. Moyo wake ukafurahi mara moja. Halafu ukaanguka.

Maana kwa ukoo wao, kama kwa majirani wengi wa pande hizo, mama mkwe na mkwe hawana mchezo. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja huingia majanini kumpisha mwenzake. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito. Nayo haingoji harusi. Inaanza siku ile shangazi wa msichana anapoketi ndani ya nyumba na kutaja jina la mwanamume na la baba yake. Kabla ya hapo, mama anaweza kujua yote na akahesabiwa hajui kitu. Jina likishatajwa, basi.

Kwa hiyo Aguti akifungua mdomo, Alupo hana mwalimu. Mwalimu mwingine wa karibu alikuwa Busia mjini, na jina la Alupo liliandikishwa Malaba. Wiki zilizobaki zilikuwa tisa. Hapo ndipo Alupo alipopata akili, au alipoipoteza, shauri yako: aliamua kujitia hamnazo mpaka mtihani upite. Siku hiyo jioni Aguti angekaribishwa kwa kuku, angetaja majina yote anayotaka, na kila mtu angefurahi. Aliona hakuna wa kuumia.

Ndipo zikaanza zile chenga. Oktoba yote Aguti hakumkamata. Akija asubuhi, Alupo yuko foleni. Akija foleni, Alupo amevuka ng'ambo kununua sukari. Akituma salamu kwamba ana neno, Alupo anajibu kwamba masikio yanamsumbua siku hizi, labda ni vumbi la malori.

Darasani nako mambo yalibadilika. Mwalimu Okwara alijua watu wake wamemtuma Aguti. Kila Jumanne alitarajia kiti cha Alupo kiwe kitupu, na kila Jumanne Alupo alikuwa mstari wa mbele, amemkazia macho. Kijana wa watu akawa anafundisha ubao.

"Mwalimu," Alupo alimwambia siku moja, "niangalie nikisoma. Utajuaje kama mdomo umeuma vizuri?"

"Naskia tu, mama."

"Wacha kuskia. Angalia."

Akaangalia, sekunde moja, akadondosha chaki. Ilikuwa siku ya "custom" na "customs". Mwalimu alieleza, huku jasho linamtoka, kwamba huyu wa kwanza ni mila na huyu wa pili ni forodha, wale wa pale getini.

"Na ni kwa nini wote wawili wanakuzuia kupita?" Mzee Okedi akauliza, akimtazama Alupo. Darasa zima likapata kikohozi. Alupo peke yake aliandika kwenye daftari kama mtu asiye na habari, na moyoni alikuwa anacheka. Nitakwambia kweli: ile miezi aliifurahia. Alikuwa na mwalimu mchana, na mkwe mwema akimngoja mbele ya safari.

Asichokiona ni upande wa pili wa mlango anaoufunga.

Ijumaa ya wiki iliyotangulia mtihani, jua likiwa bado juu ya paa za maghala, alimkuta Winny uani akichagua maharagwe. Alikuwa anatupa mazuri na kuacha mabovu kwenye ungo. Alupo alichutama karibu yake.

"We, hayo ni ya kupika."

Winny hakuinua uso. "Mama, kama humtaki, sema tu. Usifanye Auntie akukimbize kama mwizi."

"Simtaki nani?"

"Mama, please." Sauti ikamkatika. Binti haongei na mama yake maneno hayo, kuna shangazi kwa kazi hiyo, na Winny alilijua hilo. Ndiyo maana machozi yalianza kabla ya maneno. "Watu wa Khunyangu wamesema Jumapili ndio mwisho. Auntie akirudi tena bila kuskizwa, watajua tumewakataa. Hawatarudi. Na yeye ameandika barua ya transfer, anataka kuenda huko Osieko, kwa ziwa, mahali hatapatana na sisi."

"Nani amesema nimekataa?"

"Mtu akibishiwa mlango mara tatu na hafungui, anasema nini?"

Alupo alibaki ameshika harage moja mkononi. Kwa wiki nane alikuwa amejiona mjanja. Hakuwaza hata siku moja kwamba mlango uliofungwa una sura moja tu kwa aliye nje. Alimtazama mwanawe, mabega yamekonda ndani ya sweta, akagundua kwamba tangu Septemba hajamsikia akiimba akiosha vyombo. Aliona aibu, aibu ya kweli, iliyomfika mpaka shingoni.

Aliingia sebuleni akasimama mbele ya ukuta. Jumapili hadi Alhamisi ni siku nne. Ng'ombe mzima ameliwa, umebaki mkia! Alifikiria kumwomba Aguti angoje hizo siku nne tu. Lakini kumwomba angoje ni kukiri unajua amekuja na nini, na ukishakiri, jina limekwisha kutajwa. Tena wazee wa Khunyangu walikuwa wamesubiri vya kutosha. Huwezi kuwatumia watu wazima ujumbe kwamba wakae kidogo, mama mkwe bado anasoma. Aliishika ile fremu mpya, iliyokuwa bado kwenye karatasi ya duka, akaisukuma chini ya kabati.

Jumapili baada ya kanisa alichinja kuku, akaweka kiti katikati ya nyumba, na yeye mwenyewe akasimama mlangoni. Aguti alifika akamkuta hivyo. Alisimama mbali, mwavuli mbele kama mkuki.

"Leo hakuna chapati inaungua?"

"Hakuna."

"Na hatuimbi?"

"Kaa chini, wifi, kabla sijabadilisha akili."

Aguti akaketi. Alikunja kitenge, akanyoosha mgongo, akasafisha koo, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Alisema kuna kijana kutoka Khunyangu, mtoto wa Robinson, jina lake Quinton Okwara, ameona maji ya nyumba hii na anaomba kunywa. Alupo alifumba macho. Alimwona mwalimu na tai yake, na kipande cha karatasi kinachotetemeka mbele ya mdomo. Akamuaga humo humo gizani mwa macho yake. Kisha akafumbua, akapiga vigelegele vilivyofika kwenye foleni ya malori, na dereva mmoja akajibu kwa honi. Winny alitoka nyuma ya pazia akamrukia shingoni.

Walilia wote watatu. Baadaye, kuku akiwa amebaki mifupa, Alupo alimweleza Aguti yote: fremu, mtihani, trela la saruji.

"We mwanamke!" Aguti alipiga mapaja. "Mimi soli zangu zimeisha, kumbe wewe uko kwa mambo ya shule!"

"Sasa nimeiwacha. Yameisha."

"Yameisha," Aguti akakubali. Lakini mdomo wa Aguti, mtoto wa kike aliyezaliwa kubeba habari, haujawahi kubeba kitu upande mmoja tu. Jumatatu alipanda gari kwenda Khunyangu kupeleka jibu, na pamoja na jibu akapeleka na hiyo ya fremu.

Jumanne Alupo hakwenda darasani. Saa nane ilipofika alikuwa foleni, akamimina chai mpaka ikafurika kikombe cha mteja. Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi. Tangu asubuhi alijikuta anauma mdomo wa chini na kupuliza, bila sababu, maana nani tena atamwuliza? Hakujuta. Winny aliamka anaimba siku hizi. Lakini mtu anaweza asijute na bado akaumia, na Alupo aliumia.

Saa nane na nusu Mzee Okedi akatokea kati ya malori na fimbo yake, anahema.

"Mama Winny, unaitwa."

"Na nani?"

"Mtihani."

"Mzee, unajua siwezi. Jina lilishatajwa. Nitakaaje na yeye uso kwa uso?"

"Nani amesema uso?" Okedi alichukua chupa moja ya chai akaikabidhi kwa dereva wa karibu. "Boss, chunga hii. Wewe mama, twende, madam kutoka Busia hana siku mbili."

Ukumbini, kitu cha kwanza alichokiona Alupo ni mgongo wa mwalimu. Kijana alikuwa amesimama dirishani, anatazama nje, mikono nyuma, tai shingoni. Hakugeuka. Katikati ya ukumbi kulikuwa na viti viwili vilivyopeana mgongo, kimoja kinatazama ubao, kingine kinatazama mlango. Pembeni aliketi mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, na kalamu yake.

"Wewe ndiye Florence?" mkaguzi akauliza. "Mimi ni Madam Jentrix. Mwalimu ameniambia hii story yenu. Mimi nimezaliwa huko chini karibu na ziwa, na hata kwetu mama mkwe haangaliwi. Nimesoma karatasi yote ya maagizo. Imesema mwalimu aulize na mwanafunzi ajibu. Haijasema mahali popote lazima waonane. Keti."

Alupo alivuta leso akajifunika kichwa, akaketi kwenye kiti kinachotazama ubao. Akasikia hatua, halafu kiti cha nyuma yake kikalia. Migongo yao haikugusana, lakini ilikuwa karibu.

"What is your name?" sauti ya mwalimu ikauliza, ikielekea mlangoni.

Alupo aliuma mdomo wa chini. "My name is Florence Alupo." Mbele ya mdomo wake hapakuwa na karatasi, lakini alijua isingeruka.

Halafu mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Quite right," na mkaguzi akagonga meza kwa kalamu, kwamba mwalimu asisifu. Maswali yakaendelea. Alisoma habari ya soko. Alieleza "quiet" na "quite", "advice" na "advise". Kwenye "weather" na "whether" alijikwaa, akarudi, akasimama. Darasa lote lilikuwa limejipanga kwenye benchi, hakuna aliyekohoa.

"The last one," mwalimu akasema. Aliisoma pole pole. "Accept. Except. Use them both."

Mapacha hao aliwajua. Mmoja ni kukubali, mwingine ni isipokuwa. Angeweza kutumia chai na sukari, ndivyo walivyofanya darasani. Aliutazama ubao. Kulikuwa na mambo ambayo Aguti alipeleka Khunyangu kwa niaba yake, kwa maneno ya wazee, jinsi inavyopasa. Lakini kulikuwa na moja ambalo hakuna mjumbe angelibeba, na baada ya siku hii hakungekuwa na nafasi.

"I accept my daughter's husband," Alupo akasema. "I accept with all my heart. I was not running from him. I was running to finish. I like everything about this teacher, except that now he cannot teach me."

Mzee Okedi alitoa kitambaa akapenga kamasi kama treni ya mizigo. Madam Jentrix alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaandika. Nyuma ya Alupo, kiti kililia kidogo. Kisha sauti ikasema, imekwama kidogo, "Thank you, madam. You may go." Alupo aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa upande wa ubao, na hakugeuza kichwa.

Barua ya uhamisho haikuenda popote. Winny aliichana mwenyewe. Cheti kilikuja kabla ya Krismasi kupitia kwa Mzee Okedi, na Alupo aliitoa fremu chini ya kabati, akakitia humo, akakitundika juu ya vyeti vyote. Kwa nini kisiwe juu? Nyumba ni yake.

Januari watu wa Khunyangu wakaja na ng'ombe wao, wanaume kumi na wawili, wamevaa makoti. Waliketi sebuleni. Alupo alikuwa jikoni, ukuta mmoja katikati, kwenye kigoda, akichochea moto wa nyama. Hangeweza kuingia mle ndani. Alisikia vicheko, akasikia Aguti akiwatania wageni, na alikuwa na furaha iliyotulia, ya mtu ambaye hana tena haja ya kujificha nyuma ya kitu chochote.

Baadaye kelele zikapungua. Akasikia hatua za mtu mmoja zikienda mpaka kwenye ukuta, ule wenye fremu, na sauti aliyoifahamu ikisema, "Wazee, kuna jina hapa nataka mlisikie." Ikasoma, pole pole, kama siku ile ya kwanza:

"Florence Alupo."

Alupo aliweka mwiko chini. Moshi ulikuwa machoni, au basi tuseme ni moshi.

"Present, teacher," akajibu, polepole, kwa upande wake wa ukuta.